Notisi, askari wa kukodi na simu kutoka juu: tathmini ya mama wa mahema, Kisumu

Kama una harusi Nyamasaria, matanga Seme au harambee ya kanisa kule Ahero, na mtu amekushauri uchukue askari wawili wakae pale hadi asubuhi, tathmini hii ni yako. Mimi ni mama wa mahema. Nakodisha turubai, viti, meza, spika na jenereta, na stoo yangu iko Manyatta. Watu huandika mapitio ya wapambaji na ya wapishi, lakini sijaona anayekagua polisi. Na kwenye shughuli kubwa za upande wetu huu, polisi ni mtoa huduma kama wengine. Unamwandikia barua, unamlipia, anawahi au anachelewa, anakula wali wako.

Nitoe alama mapema ili mwenye haraka aende zake. Kupokea notisi kituoni: nne kwa tano. Askari wa kukodi kwenye matanga na harusi: nne na nusu, na ile nusu nimeikata kwa sababu ya chai. Mkutano wowote wenye mwanasiasa ndani yake, au wenye watu wanaotaka kumsema mwanasiasa: sina alama ya kutoa, maana huduma hiyo haiamuliwi pale kituoni. Kituo hupigiwa simu tu.

Kituo chenyewe sitakitaja. Wanaonihudumia pale wana watoto wa kusomesha, na mimi bado nawahitaji.

Notisi kwanza, kwa kuwa wengi hawaielewi na wanasumbuliwa bure. Sheria ya mikutano ya hadhara, Sura ya 56, inasema anayeitisha mkutano wa hadhara au maandamano amjulishe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Unaandika jina lako kamili na unakokaa, tarehe, saa (iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni), na uwanja au njia mtakayopita. OCS anaweza kukwambia hapana ikiwa kuna mwenzako aliyetangulia kuleta notisi ya uwanja ule ule saa ile ile. Harusi, matanga na ibada havimo kabisa. Wazee wanakumbuka zamani ilivyokuwa: kabla ya mageuzi ya 1997, yale ya IPPG, kundi la wabunge wa vyama vyote, mwenye mkutano alikwenda kuomba leseni kwa DC, mkuu wa wilaya, na DC alikuwa mtu wa Rais. Sheria ikabadilika. Askari wa kaunta akawa karani wa kupokea habari, si bwana wa kutoa ruhusa.

Na kwenye kaunta, nikiri, kazi hiyo wanaifanya vizuri. Binti mmoja konstebo, kijana, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu, huchukua nakala zangu mbili, akazisoma zote hadi chini, akapiga muhuri, akatia sahihi na tarehe, nyingine akanirudishia. Haniombi hata shilingi. Mashine ya kutoa nakala iko ng'ambo ya barabara, kumi kumi. Zamani ungeambiwa "njoo kesho, mkubwa ametoka", na kesho mkubwa bado ametoka. Siku hizi ukifika kabla ya saa nne, ukiwa na barua iliyopigwa taipu, umemaliza kabla chai ya kibandani haijapoa.

Alama moja niliyoikata ni ya swali. Kila mara, baada ya muhuri, linakuja: "Mama, mgeni rasmi ni nani?" Hakuna mahali sheria inapouliza mgeni rasmi. Nikitaja askofu, binti anatabasamu na kunifungulia mlango. Nikitaja mheshimiwa, anainua simu ya mezani kabla sijafika mlangoni.

Sasa askari wa kukodi. Sheria ya polisi ya 2011 inaruhusu mtu binafsi kuomba askari na kulipia. Ndivyo benki zinavyowapata, ndivyo waandalizi wa mechi wanavyowapata, na ndivyo familia yenye mazishi makubwa inavyoweza kuwapata. Unaandika barua, unaeleza shughuli ni ya nini, watu wangapi wanatarajiwa, mahali na saa, na unalipia kwa njia rasmi, kwa risiti. Halafu wanakuja, na hapo ndipo "chakula na nauli" inapozaliwa. Wakubwa watakwambia hakuna kitu kama hicho. Mimi huiweka kwenye bajeti ya mteja bila haya, naiita "ukarimu", na tunaendelea. Lakini nusu alama nimeikata, kwa sababu aliyelipa kwa risiti hapaswi kulipa tena nyuma ya jenereta.

Kazi yenyewe wanaifanya. Watu wasiowahi kusimamia matanga ya usiku upande huu wanadhani askari yuko pale kwa ajili ya wezi. Wezi ni kitu kidogo. Kubwa ni ndugu. Saa saba za usiku, mtoto wa mke wa kwanza anafika kutoka Mombasa, anamkuta mtoto wa mke wa pili ameketi kwenye kiti cha mbele karibu na jeneza, na mambo ya shamba yanaanza kusemwa kwenye maiki yangu. Nimeona koplo mmoja, mtu wa makamo, akiwaendea wale ndugu wawili bila kugusa bunduki, akawaita "wazee wangu", akawaambia mpaka wa shamba hauhami usiku, waje ofisini Jumatatu na mzee wa mtaa. Kisha akakaa katikati yao hadi alfajiri. Kazi ile haimo katika mafunzo ya chuo cha polisi cha Kiganjo. Nimeona pia askari wakizima disko matanga, ile densi ya usiku ya msibani, kwa heshima, wakiwatenga wasichana wadogo na wale vijana wa bangi na kuwarudisha kwa mama zao, bila kofi.

Nadhani, na haya ni maoni yangu tu, kwamba mabadiliko ya 2018 yana mchango hapa. Mwezi wa Septemba mwaka ule Rais Uhuru Kenyatta alizindua sare ya buluu, akatangaza maelfu ya askari wa utawala wahamie polisi ya kawaida, na kwamba askari wapewe posho ya nyumba wakapange mitaani na raia. Wazee wetu walikuwa na askari kanga wa chifu, baadaye wakaja AP, hao askari wa utawala, wa kambi ya chifu, na wote walikuwa watu wa upande ule wa ua. Leo yule koplo anapanga ploti nyuma ya stoo yangu. Ananunua sukuma kwa mama yule yule, watoto wake wanacheza mpira na wangu, maji yakikatika tunakutana kwenye foleni na mitungi. Mtu kama huyo huwezi kumtuma akapige mtaa anaolala bila yeye kufikiri mara mbili. Anaweza kutumwa, sikatai. Lakini atafikiri.

Ndiyo maana wakati wa maandamano wanaoletwa ni wengine, kwenye malori, sura tusizozijua. Na Kisumu lori hilo hatulizoei hata tulione mara ngapi. Oktoba 25, 1969, Mzee Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, risasi zilipigwa kwenye umati, na mpaka leo serikali na familia hazikubaliani ni wangapi walikufa. Agosti 2017, baada ya matokeo ya urais, askari waliingia majumbani Nyalenda usiku, mtoto wa miezi sita akapigwa kichwani akafa siku chache baadaye, na uchunguzi wa mahakama hapa Kisumu mwaka 2019 ukasema polisi ndio wa kulaumiwa. Mteja wangu akiona lori hilo likikunja kona hahitaji kuelezwa kitu. Anabeba kiti chake na kukimbia nacho, na mimi napoteza kiti.

Haya, mikutano ya siasa. Hapa ndipo nina mengi.

Kazi yangu hunifanya nijue nani yuko ndani na nani ametupwa nje kabla magazeti hayajaandika. Najua kwa viti. Mheshimiwa anapokuja, mtu wake hunipigia siku moja kabla: viti vya jukwaani vingapi, vya wazee vingapi, na vya walinzi vingapi, nyuma ya hema, karibu na magari. Walinzi hao ni askari wa serikali, wanaolipwa na mimi na wewe. Mheshimiwa akiwa na mkubwa wake wanaelewana, naambiwa viti sita. Wakigombana, naambiwa viwili. Wakigombana sana, hakuna simu ya viti vya walinzi, na mheshimiwa anakuja na mpwa wake mwenye misuli. Si Kisumu peke yake. Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, viongozi wa upinzani walinyang'anywa walinzi. Agosti 2021 GSU, kikosi maalumu cha polisi, waliondolewa nyumbani kwa naibu wa rais wa wakati huo, William Ruto. Oktoba 2024, Rigathi Gachagua alipong'olewa kwenye unaibu wa rais, walinzi wake nao wakaondoka. Hata jaji: Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa polisi Gilbert Masengeli kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, na siku chache tu zikapita jaji akabaki bila walinzi. Kama jaji wa Mahakama Kuu anahudumiwa hivyo, mama wa mahema atadai nini?

Sasa nikueleze huduma niliyopata. Kikundi cha vijana walikodi kwangu mahema manne na spika, uwanja wa shule ya msingi, kuzungumzia bajeti ya kaunti na ada za soko. Notisi ilipelekwa ndani ya siku zinazotakiwa. Niliisindikiza mwenyewe, ikapigwa muhuri, nakala ninayo mpaka leo kwenye faili. Mgeni rasmi alikuwa mtu aliyekuwa amehitilafiana na wakubwa wiki hizo. Binti wa kaunta akauliza swali lake, akajibiwa, akainua simu.

Asubuhi ya siku yenyewe vijana wangu walikuwa wameshapigilia vigingi, wanafunga kamba za hema la mwisho, lori likaingia. Sajini aliyeshuka tunafahamiana. Ndiye aliyekuwa ametulindia harusi ya binti wa mteja wangu, akacheza hadi kofia ikaanguka. Akasimama mbali kidogo, hakunitazama.

"Mama, mkutano hauko."

"Afande, notisi hii hapa, na muhuri ni wenu."

"Naijua. Nimeiona."

"Nani amekataza?"

Akaelekeza kidole juu, kule mawinguni, akaenda kusimama kwenye kivuli cha mwembe. Waliobaki wakaanza kazi. Vitoa machozi vilitua kwenye turubai mpya, likatoboka na kuungua ukingo mzima. Spika moja ilikanyagwa. Vijana waliruka ua wa shule, na watoto waliokuwa wakichota maji kwenye bomba la jirani wakaondoka macho yakiwaka. Hakuna aliyerusha jiwe kabla ya hapo. Hapakuwa na mtu wa kurusha, wageni walikuwa bado hawajafika.

Siku chache baadaye, mheshimiwa mwingine, mwenye kupendwa na wakubwa wiki hizo, aliingia mjini akasimama juu ya gari katikati ya barabara, akafunga njia mchana kutwa bila notisi wala muhuri. Askari walimfungulia njia kwa ving'ora. Sajini wangu alikuwa miongoni mwao, akiongoza magari kwa adabu.

Nilimkuta baadaye kwenye foleni ya maji, bila sare, ana fulana ya Gor Mahia. Sikumgombeza. Akasema mwenyewe: "Mama, ukikataa simu ile, wiki ijayo uko Turkana, na familia iko hapa." Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, kwa sababu Katiba imeandika kinyume chake. Kifungu cha 245 kinamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, na hayo lazima yawe kwa maandishi. Lakini hakuna mtu, awe nani, anayeweza kumwelekeza juu ya uchunguzi wa kosa fulani, au sheria imshukie mtu fulani, au askari gani aajiriwe, apangiwe kazi wapi, apandishwe au asimamishwe. Imeandikwa vizuri kabisa. Ila simu haiachi karatasi, na sajini hana cha kumwonyesha jaji isipokuwa barua ya uhamisho iliyosema ni "kwa manufaa ya huduma".

Na wakati mwingine hawajisumbui hata kupiga simu. Juni 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alisimama mbele ya kamera akasema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye akajitetea. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda kituoni wiki ile na notisi ya mnada wa ng'ombe. Nilimtuma kijana wangu, kisha nikamwita arudi kabla hajavuka barabara.

Niwe na haki, maana tathmini ya lawama tupu haimsaidii mteja. Oktoba 2025, mwili wa Raila ulipoletwa uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, nilishuhudia umati ambao sijawahi kuuona. Siku mbili kabla yake, Kasarani kule Nairobi, risasi zilikuwa zimepigwa na waombolezaji wakafa, kwa hiyo tulikwenda Mamboleo na hofu. Watu walizirai, wengine wakaumia kwenye msongamano. Lakini nilipokuwa nimesimama mimi, askari waligawa maji, walibeba akina mama wazee mikononi, na mmoja alikuwa akilia waziwazi na bunduki begani. Siku ile hakuna aliye juu aliyetaka Kisumu ipigwe. Askari ni wale wale.

Ukipata hasara kama yangu, fanya hivi. Nenda uandikishe kwenye OB, daftari la matukio la kituo, siku ile ile, upewe namba, hata wakikuzungusha. Mimi niliandikiwa na binti yule yule wa kaunta, kimya kimya, neno kwa neno kama nilivyosema, pamoja na bei ya turubai. Piga picha ya kila kitu, pamoja na maganda ya mabomu ya machozi, na usiyaokote kwa mkono mtupu. Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa IPOA, mamlaka ya kiraia iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wana ofisi hapa Kisumu na namba ya bure, 1559. Mtu wako akikamatwa, sheria inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, na bondi ya polisi hailipiwi. Ukiombwa fedha taslimu ya dhamana, dai risiti. Bila risiti hiyo ni chai nyingine.

Kuhusu nani amwombe askari: matanga yenye ugomvi wa ardhi, ndiyo, chukua wawili na usiwanyime supu. Harusi, mmoja anatosha, tena wa kuongoza magari. Harambee ya kanisa inategemea mgeni rasmi, na kasisi akikuficha jina lake hadi Jumamosi usiku, ujue kuna sababu. Mechi za mtaani, ndiyo, hasa dabi. Mkutano wa siasa usimwombe kabisa. Atakuja mwenyewe akitumwa, na atakayemtuma hukumwandikia barua.

Kwa upande wangu nimebadilisha mkataba. Kuna mstari mpya: mkutano ukivunjwa na polisi, mteja analipa nusu ya kodi na bei kamili ya turubai lililoharibika, awe na notisi au asiwe nayo. Wanasiasa wawili wamekataa kutia sahihi, mmoja wa kila upande, wakisema kwao jambo hilo haliwezi kutokea. Uchaguzi ni Agosti 2027 na maulizo yameanza. Harusi na matanga, amana ni asilimia thelathini kama zamani. Siasa ni fedha zote, siku tatu kabla, na nakala ya notisi yenye muhuri, ndipo kigingi cha kwanza kiingie ardhini.